Somo: Mgonjwa wa koo akikaa mbele yako, anzia wapi?

Tukisikia "koo linaniuma", wengi wetu mkono unakimbilia tochi. Subiri kidogo. Koo jekundu la mafua na koo jekundu la bakteria kwa macho yanafanana mno. Wagonjwa hawa utawatofautisha kwa umri, siku walizougua, sauti yao na namna wanavyomeza. Somo ni la mnaoanza zamu kwenye chumba cha wagonjwa wa nje, ila wazazi pia karibuni.

Hatua ya 1: Mtazame kabla hujamgusa. Mtoto mwenye homa kali, amekaa ameinama mbele, kidevu amekitanguliza, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza, na akivuta hewa unasikia mkoromo: huyo usimfungue kinywa. Huenda kifuniko cha njia ya hewa kimevimba, na ukimchokoa kwa kijiti njia inaweza kuziba hapo hapo. Mwache mapajani kwa mama yake, mpe oksijeni bila kumliza, muite daktari wa usingizi na wa masikio, pua na koo. Chanjo ya penta imewapunguza sana watoto hawa, lakini hawajaisha.

Hatua ya 2: Uliza umri na siku. Chini ya miaka 3, maumivu ya koo mengi ni ya virusi. Ila kama mtoto alikuwa anacheza vizuri, ghafla akaanza kukataa chakula na kutoa mate, fikiria amemeza kitu. Piga picha ya kifua na shingo. Betri bapa ya saa au rimoti huonekana kama sarafu, lakini ukiangalia ukingo wake utaona duara la pili kwa ndani. Hiyo ni dharura, kwani inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2.

Miaka 5 hadi 15 ndiyo rika la streptokokasi, bakteria anayeshambulia koo. Na mtu wa miaka 50 na kuendelea, mvuta sigara au mnywaji, sauti imekauka zaidi ya wiki 3? Mpe rufaa akaangaliwe zoloto (kisanduku cha sauti) kwa kamera, tukihofia saratani. Kumwongezea antibiotiki ya tatu ni kumpotezea muda.

Hatua ya 3: Sikiliza sauti. Kijana anaongea kama ana tonge la ugali wa moto mdomoni, taya halifunguki vizuri, maumivu yako upande mmoja na yanapanda sikioni: hilo ni jipu pembeni ya tonsesi. Ukimulika utakuta kimeo kimesukumwa upande wa pili. Usaha lazima utolewe, vidonge peke yake havitoshi.

Sauti iliyokwaruza bila homa ni ya walimu, wapiga debe wa stendi, wahubiri. Mara nyingi ni vinundu kwenye nyuzi za sauti, na tiba kubwa ni kuipumzisha na kujifunza kuitumia vizuri. Mtoto aliyekwaruza sauti kwa miezi, akaanza kukoroma akipumua, anaweza kuwa na vinyama vya papiloma kwenye zoloto. Hawa huzungushwa sana na dawa za pumu.

Hatua ya 4: Sasa fungua kinywa. Tafuta alama nne za Centor, za kukisia kama koo ni la streptokokasi, zilizochapishwa 1981: homa, hakuna kikohozi, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma, usaha kwenye tonsesi. Ana moja tu, mpe parasetamoli na maji ya chumvi ya kusukutua. Ana tatu au nne, hasa mwanafunzi wa shule, mtibu kwa antibiotiki.

Utando wa kijivu unaovuja damu ukijaribu kuubandua, shingo imevimba: dondakoo, mtenge na utoe taarifa. Utando mweupe unaofutika kwa mtu mzima ni fangasi. Zungumza naye kuhusu kipimo cha VVU.

Maswali ya wanachama

*Mwanangu ana miezi 8, anakohoa wiki ya pili. Mama mkwe anasema kimeo ni kirefu, kikakatwe.*
Dada, kimeo hakileti kikohozi. Watoto wanaokatwa kienyeji tunawapokea wakiwa wamemwaga damu nyingi, wengine na maambukizi kwenye damu au pepopunda. Mpeleke leo, apimwe kasi ya kupumua na achunguzwe nimonia na kifua kikuu. Mama mkwe mwende naye, asikie kwa daktari mwenyewe.

*Mwiba wa samaki umenasa, nimemeza matonge makavu bado unachoma.*
Acha matonge, kaka, yanauzamisha zaidi. Miiba mingi hunasa kwenye tonsesi au shina la ulimi na hutolewa kwa koleo dakika chache tu. Ukipata homa au maumivu ya kifua, nenda usiku huo huo.

*Tonsesi za binti yangu zinamsumbua kila mara. Zitolewe lini?*
Kipimo kinachotumika ni mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Andika tarehe kwenye daftari la kliniki, maana kumbukumbu ya mzazi aliyechoka huzidisha. Akikoroma usiku hadi pumzi zinakatika, usisubiri hesabu hiyo.

*Duka la dawa walinipa azuma (antibiotiki ya azithromaisini) za siku 3. Mbona hospitali wameandika penisilini siku 10 wakati mtoto siku ya pili alishapona?*
Homa imeshuka, bakteria bado wapo. Streptokokasi ikiachwa inaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo, na penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma huikinga. Kama vidonge vya siku 10 ni vita nyumbani kwako, omba sindano moja ya benzathini penisilini: uniti milioni 1.2 kwa mwenye kilo 27 au zaidi, laki 6 kwa aliye chini ya hapo. Inauma kweli, lakini ni mara moja.