Ufuko ukikatika Bukavu, anzieni kazi mlimani

Parseli, yaani kiwanja chako, ikianza kuliwa na ziwa, watu hukimbilia kumwita masoni ajenge ukuta. Mimi ndiye masoni huyo, na nawaomba mnisubiri. Mvua ikinyesha, tokeni mkaangalie maji yanakotoka. Huku Nguba na Muhumba mlima ni mkali, na udongo wetu ukilowa huporomoka wenyewe. Mara nyingi mawimbi ya Ziwa Kivu humalizia tu kazi iliyoanzwa na maji ya mabati na ya barabara.

Kwa hiyo ongeeni na chefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wenu, salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya usafi, ianzie kwenye kanivo, mifereji ya maji ya barabarani. Zoeni chupa za plastiki. Zikifika ziwani huishia kuziba mitambo ya umeme ya mto Ruzizi. Kila nyumba itege maji ya bati kwenye pipa.

Kisha kateni mistari ya usawa mlimani. Fungeni fito mbili zikutane juu, ya tatu ipite katikati, mtundike kamba yenye jiwe. Simamisheni, tieni alama kamba inapogusa fito ya kati. Geuzeni miguu ibadilishane mahali, tieni alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa: kamba ikikaa hapo, miguu yote iko kimo kimoja. Sogezeni fito hizo hatua kwa hatua kwa usawa huo, mtie alama chini mpate mstari. Fuateni mstari huo na vetiva, nyasi ndefu za kushika udongo, mashina yakaribiane sana, mizizi yake hushuka chini mita kadhaa. Pandeni Septemba mvua zikishashika, ili kiangazi cha Juni kikute mizizi imeshuka. Mikaratusi mikubwa ukingoni, hapana: upepo ukiing'oa, inaondoka na udongo. Matete ya majini msiyafyeke, ndiyo yanayovunja nguvu ya wimbi. Mchanga wa ufukoni msiuchote wala kuuza.

Sasa niiteni, kama bado kuna haja. Nitapendekeza gabioni, vikapu vya waya vilivyojaa mawe, kwa sababu hupitisha maji. Ukuta wa saruji bila mabomba ya kutolea maji husukumwa na mlima mpaka ulale. Tena ukuta wa mtu mmoja hupeleka wimbi likachimbe kwa jirani, basi safu nzima ya parseli ikubaliane, na ofisi ya urbanisme, ya mipango miji, iulizwe kabla ya kununua jiwe hata moja.

Mkiona ufa unaofuata ukingo, chomekeni vigingi viwili, kila upande kimoja, mpime nafasi kila wiki. Ikipanuka, hamisheni watoto na wazee kwanza, msingoje mvua nyingine.