Kabla ya kumdhamini mke na mtoto waende Kanada: ya kuweka sawa Moshi na Arusha

Koo nyingi za Kilimanjaro na Arusha zina mtu Toronto, Calgary au Edmonton. Baadhi yao wameshaapa uraia wa Kanada na sasa wanataka kumchukua mke au mume na mtoto waliobaki nyumbani. Wengi hukimbilia fomu. Ushauri wangu ni kwamba fomu zingoje kwanza. Kinachozikwamisha familia zetu mara nyingi ni jina lililoandikwa kwa namna mbili, au mtoto ambaye hakutajwa, au ndoa iliyofungwa bwana harusi akiwa hayupo. Mambo hayo hurekebishwa huku huku nyumbani, tena huchukua miezi.

Mdhamini, yaani yule anayeiombea familia yake, ajikague kwanza yeye. Raia anaweza kudhamini hata akiwa anaishi nje ya Kanada, mradi aonyeshe kwamba familia ikifika ataishi nayo kule. Mkazi wa kudumu, yaani aliyeruhusiwa kuishi Kanada moja kwa moja bila kuwa raia, hana nafasi hiyo; lazima awe anaishi Kanada. Kwa mwenzi na mtoto tegemezi kwa kawaida hakuna kiwango cha chini cha mshahara kinachodaiwa, na inasikitisha kuona wenye kazi za kawaida wanakata tamaa bure kwa kutolijua hilo. Ila anayeishi kwa posho ya serikali kwa sababu isiyo ya ulemavu hakubaliwi, wala aliyefilisika na bado yuko chini ya ufilisi, wala anayedaiwa matunzo ya mtoto yaliyoamriwa na mahakama. Kama wewe mwenyewe uliingia Kanada kwa kudhaminiwa na mwenzi wa kwanza, huwezi kumdhamini mwingine hadi ipite miaka 5 tangu ulipopata ukazi wa kudumu. Na ahadi ya kuwatunza unayotia sahihi ni nzito: miaka 3 kwa mwenzi, na kwa mtoto miaka 10 au hadi atimize 25, lolote litakalotangulia. Mkiachana katikati, ahadi haifutiki. Quebec ina taratibu zake; wa Montreal asiongozwe na maelezo ya binamu aliyeko Ontario.

Halafu jiulize kama mtoto anahitaji kudhaminiwa kabisa. Ikiwa baba au mama alikuwa ameshaapa uraia kule Kanada kabla mtoto hajazaliwa, mtoto huyo ni raia tangu kuzaliwa, hata kama alizaliwa hospitali ya KCMC au Mount Meru. Anachoombewa ni cheti cha uraia. Ikiwa kiapo kilikuja baada ya mtoto kuzaliwa, basi ni udhamini. Wekeni tarehe hizo mbili mezani kabla ya kulipa senti.

Kwa kawaida mtoto tegemezi ni yule aliye chini ya miaka 22 ambaye hajaoa wala kuolewa. Umri huhesabiwa siku maombi kamili yanapopokelewa na idara ya uhamiaji ya Kanada, IRCC. Neno "kamili" lichukuliwe kwa uzito: mwenye kijana wa miaka 21 akirudishiwa maombi kwa sababu ya sahihi moja iliyosahaulika, kijana anaweza kutimiza 22 kabla hayajatumwa tena. Na mtoto wa marehemu dada yako, ambaye kwetu ni mwanao bila mjadala, kwa sheria ya Kanada hawi mtoto tegemezi mpaka awe ameasiliwa kwa amri ya mahakama.

Sasa linakuja jambo ambalo ningetamani kila familia ilijue kabla ya mengine yote: watoto wote waandikwe. Mama anayeombewa akiwa na mtoto aliyemzaa kabla ya ndoa hii, anayelelewa na bibi yake Rombo, mtoto huyo huandikwa kwenye fomu na hupimwa afya hata kama hana mpango wa kusafiri. Kifungu cha 117(9)(d) cha kanuni za uhamiaji za Kanada kinasema mwanafamilia ambaye hakupimwa wakati mzazi wake anaomba ukazi wa kudumu hatahesabiwa tena kwenye kundi la familia. Maana yake, mama akishafika huko na kutulia, akataka kumfuata mwanawe, mlango unakuwa umefungwa, na haufunguki kwa kupita miaka. Mwaka 2019 serikali ya Kanada iliweka utaratibu maalumu kwa baadhi ya watu, hasa waliokuja kama wakimbizi au waliodhaminiwa wao wenyewe na ndugu, lakini ulikuwa wa majaribio tena mwembamba, na maisha ya mtoto yasipangwe kwa kuutegemea.

Najua kwa nini watu hunyamaza. Mume hajaambiwa, au ukweni hawajui, au mtu kawatisha kwamba mtoto wa pili "ataharibu kesi". Haharibu. Kinachoharibu ni kuficha, kwa sababu udanganyifu kwenye maombi humfungia mtu miaka 5. Mazungumzo hayo ni machungu, lakini ni afadhali mume na mke wayamalize wenyewe mapema kuliko ofisa ayaibue kwenye usaili. Kipimo hicho hicho kinamhusu mdhamini: wakati anahamia Kanada alimtaja mke na mtoto? Kama hakumbuki alichoandika, aombe nakala ya faili lake la zamani kabla ya kuanza jipya.

Ndoa nayo ikaguliwe. Tangu tarehe 11 Juni 2015 Kanada haikubali, kwa ajili ya udhamini, ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo mwenyewe. Nikaha ambayo bwana harusi yuko Calgary na amewakilishwa na wakili wake msikitini, au iliyofungwa kwa simu ya video, haitapita, hata kama kidini imetimia. Ni lazima asafiri. Na anayetegemea likizo fupi ya Desemba, Wachaga wote wanaporudi nyumbani, akumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla. Taarifa ipelekwe Novemba. Mahari iliyopokelewa, hata mbele ya ukoo mzima, haitoi cheti. Ndoa ya kimila isajiliwe. Aliyewahi kuoa au kuolewa awe na amri ya mahakama ya kuvunja ndoa ile ya kwanza, yenye tarehe iliyo kabla ya ndoa mpya. Talaka ya kuandikiana nyumbani haitoshi kwa sheria yetu, na huko pia haitatosha. Wasiooana wanaweza kuombewa kama waliishi pamoja miezi 12 mfululizo, ila wajiandae kuthibitisha.

Kwenye majina ndiko kazi iliko. Tandazeni mezani karatasi zote za anayeombewa: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, pasipoti. Zisomeni herufi kwa herufi, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuatisha. Massawe mwenye s mbili na Masawe mwenye s moja ni watu wawili machoni pa ofisa asiyewajua. Hivyo hivyo Mollel na Molel, Laizer na Laiser, Pallangyo na Palangyo. Kuna pia suala la mpangilio: shuleni binti aliandikwa Neema Elibariki, yaani jina lake na la baba, kwenye NIDA yakaingia majina matatu, baada ya harusi benki ikampa kadi yenye jina la mume. Kila karatasi ni ya kweli, lakini zikiwekwa pamoja zinaleta maswali.

Chagueni karatasi moja iwe msingi. Kwa kawaida ni cheti cha kuzaliwa. Chenye makosa kirekebishwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Tofauti ndogo ya tahajia iundiwe kiapo kwa wakili. Jina lililobadilishwa kweli kweli lifanyiwe hati ya kisheria ya kubadili jina na isajiliwe. Pasipoti iwe ya mwisho, kwa sababu viza na karatasi za ukazi zitafuata kilichoandikwa humo. Ada yake, shilingi 150,000, si ya kulipa mara mbili kwa ajili ya herufi moja.

Asiye na cheti cha kuzaliwa asingoje. Kuzaliwa husajiliwa ndani ya siku 90. Baada ya hapo ni usajili uliochelewa wenye kudai ushahidi zaidi, na ikipita miaka 10 mlolongo huwa mrefu zaidi. Hapo ndipo tangazo la uzazi kutoka hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na cheti cha shule ya msingi vinapokuwa na thamani. Tangazo likipotea, kitabu cha ubatizo cha usharika au parokia mara nyingi bado kipo. Nendeni mkaombe nakala wakati wazee wanaojua mwaka na mchungaji aliyebatiza bado wanakumbuka. Vyote hivyo vitunzwe hata baada ya kupata cheti, kwa kuwa cheti kilichotolewa mwaka huu kwa mtoto wa miaka 9 humfanya ofisa aulize zaidi, na IRCC inaweza kutaka kipimo cha DNA kwenye maabara inayoikubali.

Karatasi za Kiswahili zinahitaji tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa, na mwanafamilia haruhusiwi kuitafsiri hata kama ni mwalimu wa Kiingereza. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya kazi hiyo.

Mtoto mwenye mzazi mwingine ambaye haendi anahitaji ridhaa ya mzazi huyo kwenye fomu IMM 5604, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kama amefariki, kitafutwe cheti cha kifo. Kama alipotea, anzeni kwa ofisa ustawi wa jamii na mahakama, mpate amri ya malezi. Mjomba asimtilie sahihi.

Ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli mnao tayari, ila umetawanyika kwenye simu za watu. Barua ya posa. Picha za siku ya mahari zenye wazazi wa pande zote mbili. Kadi za mchango na mazungumzo ya kundi la kamati ya harusi, ambayo yana tarehe na majina ya watu halisi. Tiketi za ndege za kuja uwanja wa KIA na mihuri kwenye pasipoti. Risiti za fedha alizotuma, hasa za ada na za hospitali. Ofisa anayesoma faili hajui send-off ni nini wala kwa nini bibi harusi ana sherehe mbili; andikeni maelezo mafupi chini ya kila picha, nani ni nani na ilikuwa siku gani. Picha 20 zilizoelezwa vizuri zinazidi mia tano zilizomwagwa.

Hati ya tabia njema ya polisi haipatikani kwa siku moja. Aliyesoma au kufanya kazi Nairobi kwa miezi 6 au zaidi aanze mapema kuomba na ya Kenya. Kipimo cha afya hufanywa na daktari aliye kwenye orodha ya IRCC tu. Mwenye mtoto mlemavu, au mwenye ugonjwa wa kudumu, asijifiche: mwenzi na watoto wa mdhamini hawakataliwi kwa hoja kwamba watailetea Kanada mzigo wa gharama za matibabu. Kuanzia miaka 14 mtu hutoa pia alama za vidole, na kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, basi nauli na malazi viingizwe kwenye bajeti.

Kwa viwango vya mwaka 2024, ada za mwenzi zilikuwa dola 1,205 za Kanada, na za mtoto dola 175, bila alama za vidole ambazo ni dola 85 kwa mtu. Anayeweza kulipwa kisheria kwa kuwawakilisha ni mwanasheria wa Kanada au mshauri aliyesajiliwa na chuo cha kitaaluma cha washauri wa uhamiaji wa nchi hiyo. Kijana wa stationery anaweza kuwapigia fotokopi, asiwajazie majibu.

Kabla ya kuondoka, zungumzeni kuhusu ardhi. Ukazi wa kudumu haumwondolei mtu uraia wa Tanzania. Kuapa uraia wa Kanada akiwa mtu mzima kunamwondolea, na asiye raia hawezi kumiliki ardhi hapa kama raia anavyomiliki. Mwenye kihamba (shamba la ukoo la Wachaga) Machame au shamba Usa River, lililoandikwa kwa jina lake au analotarajia kurithi, alijadili na ukoo na wakili kabla ya hatua hiyo, hata kama iko miaka kadhaa mbele.

Na kadi ya kliniki ya mtoto iende kwenye begi la mkononi pamoja na ripoti za shule. Shule za Ontario huuliza chanjo, na bila kadi hiyo huenda mtoto akachanjwa upya.