Somo: Kupima na kuchora njia za mbio za mita 400 katika uwanja wa shule ya sekondari

Mwalimu wa elimu ya viungo anayepangiwa shule ya kata mara nyingi hukuta uwanja mmoja wa mpira wenye magoli ya miti, na njia za mbio ambazo huchorwa mara moja kwa mwaka, siku moja kabla ya UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, kwa kuhesabu hatua za miguu. Nami nilifanya hivyohivyo katika shule ya kwanza niliyofundisha. Nilichukulia kwamba hatua yangu ni mita 1, nikachora, nikawapima wanafunzi, na binti mmoja wa kidato cha pili akamaliza mzunguko kwa sekunde 62, shule nzima ikashangilia. Alipokwenda kushindana katika uwanja uliopimwa alitumia sekunde 67, akarudi akiamini kwamba amezembea. Baadaye niliazima tepu kwa fundi ujenzi, nikagundua kuwa hatua yangu ina sentimita 93 na kwamba mzunguko wetu ulikuwa na mita 372. Binti yule hakuzembea hata kidogo.

Vipimo ninavyovitoa hapa si vya viwanja vya kimataifa, ambavyo sehemu yake iliyonyooka ina mita 84.39 na nusu kipenyo cha mita 36.50. Nimechagua vipimo vinavyoshikika kichwani, yaani mita 80 za mnyoofu na mita 38 za nusu kipenyo, kwa kuwa vinatoa mita 400 kamili na kuacha nafasi ya uwanja wa mpira katikati.

Vifaa

Tafuta tepu ya mita 50, nondo mbili fupi, waya wa kufungia nondo usiopungua mita 50, vigingi vipatavyo 40, nyundo, jembe na chokaa. Usitumie kamba kwa kuchora kona. Kamba ya nailoni huvutika, na ya katani hufupika ikilowa umande, hivyo kona ya asubuhi haitalingana na kona ya mchana.

Hatua ya 1: Kuchagua eneo

Kwa njia sita, eneo linalohitajika lina urefu wa mita 171 na upana wa mita 91, pamoja na ukingo wa mita 1 au 2 kila upande usio na mawe, visiki wala mitaro. Ukiwa na hiari, elekeza urefu wa uwanja kaskazini na kusini, ili anayekimbia mbio fupi saa kumi jioni asipigwe na jua usoni.

Hatua ya 2: Kusimika vitovu viwili na kupata pembe mraba

Pigilia nondo ya kwanza, pima mita 80 kwa mstari ulionyooka kupita katikati ya uwanja, kisha pigilia ya pili. Hivyo ndivyo vitovu vya kona zako mbili, na kila kitu kingine kitatoka kwake. Tepu ya mita 50 haifiki mita 80 kwa mara moja, kwa hiyo weka kigingi kwenye mita 50 kabla ya kuihamisha. Kidole cha mwanafunzi kilichogusa nyasi si alama.

Kutoka kwenye kila kitovu, pima mita 38 kwenda kulia na mita 38 kwenda kushoto, kwa pembe mraba na mstari wa katikati. Pembe hiyo huipata kwa pembetatu ya 3, 4 na 5 ambayo wanafunzi wameisoma katika hisabati, ila nakushauri uikuze iwe mita 9, 12 na 15, kwa sababu kosa dogo katika pembetatu ndogo huwa kubwa linapovutwa hadi mita 38. Sasa una vigingi vinne vinavyounda mstatili wa mita 80 kwa 76. Pima kutoka pembe moja hadi ile inayoikabili, kisha pima na jozi ya pili: kila moja iwe na mita 110.34. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 10, rudia, hata kama wanafunzi watanuna.

Hatua ya 3: Kuchora kona

Funga waya kwenye nondo ya kitovu kwa kitanzi kilicholegea, kinachozunguka bila kukwama. Ukikikaza, waya utajiviringisha kwenye nondo kila unavyotembea, na nusu kipenyo itapungua bila wewe kuona. Mwanafunzi mmoja akae kwenye nondo akikitazama kitanzi tu; mwingine ashike ncha yenye alama ya mita 38, auvute waya, na atembee kutoka kigingi cha upande mmoja hadi cha upande wa pili huku wenzake wakimfuata na vigingi kila baada ya mita 3. Mahali ambapo mlingoti wa goli unauzuia waya, auinue, aupitishe upande wa pili wa mlingoti, kisha aendelee.

Hapa walimu wengi huuliza mahesabu yamekwenda wapi, kwa maana kona mbili za nusu kipenyo cha mita 38 hutoa mita 238.8 tu, na ukijumlisha mita 160 za minyoofu unapata mita 398.8. Jibu ni kwamba hakuna anayekimbia juu ya mstari. Uwanja usio na ukingo ulioinuliwa hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa ndani, mahali mguu unapokanyaga, na kwenye nusu kipenyo cha mita 38.20 kona mbili hutoa mita 240. Kwa hiyo kila kona ina mita 120, na kila mnyoofu mita 80.

Hatua ya 4: Njia sita

Kila njia ina upana wa mita 1.22, ukihesabu na mstari wake wa nje wenye unene wa sentimita 5. Tia alama kwenye waya katika mita 38, 39.22, 40.44, 41.66, 42.88, 44.10 na 45.32, ili kila mpito wa waya ukupe mstari mwingine kwa kitovu kilekile. Kwenye minyoofu nyoosha waya kati ya vigingi.

Hatua ya 5: Vianzio vinavyopishana

Hii ndiyo hatua inayoharibu mashindano mengi ya shule. Mstari wa kumalizia unakaa mwisho wa mnyoofu ulio mbele ya watazamaji, pale kona ya kwanza inapoanza, na wakimbiaji huzunguka mkono wa kushoto ukiwa ndani. Katika mita 400, mkimbiaji wa njia ya kwanza huanzia hapohapo. Wa njia ya pili ana mzunguko mrefu zaidi, hivyo hutangulizwa.

Atangulizwe kiasi gani? Minyoofu ni sawa kwa wote, kwa hiyo tofauti yote imo ndani ya kona, na kona mbili kwa pamoja ni duara moja. Duara la njia ya pili lina nusu kipenyo iliyozidi ya kwanza kwa mita 1.22, basi mzingo wake unazidi kwa 2 × 3.1416 × 1.22, yaani mita 7.67. Mwanafunzi makini ataona kwamba nusu kipenyo cha uwanja hakimo kabisa katika hesabu hiyo. Uwanja uwe mkubwa au mdogo, anayekimbia mzunguko mmoja kamili hutangulizwa mita 7.67 kwa kila njia, mradi njia zina upana huo. Mimi huisimamisha kazi yote hapa kwa dakika kumi na kuwaacha wanafunzi wabishane, maana wengi hawaamini mpaka wapige hesabu wenyewe mavumbini.

Vianzio vya mita 400, kuanzia njia ya pili hadi ya sita, ni mita 7.67, 15.33, 23.00, 30.66 na 38.33 mbele ya mstari wa kumalizia. Vya mita 200 ni nusu ya hivyo, yaani 3.83, 7.67, 11.50, 15.33 na 19.16, navyo hupimwa kuanzia mahali mnyoofu wa nyuma unapoishia na kona ya pili kuanza.

Umbali huo hupimwa kwa kuifuata kona, sentimita 20 nje ya mstari wa ndani wa njia husika, tepu ikilazwa kwenye vigingi vilivyokaribiana. Ukiinyoosha tepu moja kwa moja kutoka mstari hadi kianzio, katika njia ya pili utakosea kwa sentimita 1 hivi, jambo lisilo na madhara. Katika njia ya sita utamzawadia mkimbiaji zaidi ya mita 1.

Mita 100 haziingii katika mnyoofu wa mita 80, hivyo urefushe mnyoofu wa mbele kwa mita 20 nyuma ya mwanzo wake, ukiendelea kunyooka pale kona inapokunja. Mwishoni nako acha angalau mita 17 za wazi za kupunguzia mwendo.

Hatua ya 6: Kutia chokaa

Mistari saba ya uwanja huu ina jumla ya takriban mita 2,950, na fedha za michezo hazitoshi kuitia yote chokaa kila muhula. Chimba kwa ncha ya jembe mfereji wa sentimita 2 au 3 kwenye mistari yote, kisha tia chokaa kwenye mstari wa ndani, vianzio na mstari wa kumalizia tu. Mfereji hubaki ukionekana hata baada ya mvua.

Maswali ya wasomaji

Swali kutoka kwa mwalimu wa Mbulu: Shikamoo mwalimu. Uwanja wetu uko mteremkoni na sehemu tambarare ina mita 95 kwa 45 tu. Je, tuache riadha?

Jibu: Marahaba. Msiache. Chora mzunguko wa mita 200 wenye minyoofu ya mita 50 na nusu kipenyo cha mita 15.72, kwa njia nne pekee. Utachukua mita 91.2 kwa 41.2. Kwa kuwa mita 200 hapo ni mzunguko mmoja kamili, vianzio vyake ni 7.67, 15.33 na 23.00, si nusu yake. Kona hizo ni kali, hivyo muda wa mwanafunzi usiulinganishe na wa uwanja mkubwa.

Swali: Ndugu mwandishi, hujagusa mbio za kupokezana vijiti za 4 × 100. Sisi tulikuwa tunaweka bendera mahali pamoja kwa njia zote.

Jibu: Kwa kufanya hivyo njia za nje na za ndani hazikukimbia umbali sawa kwa kila mtu. Vianzio ni vilevile vya mita 400. Mahali pa kupokezana mara ya pili umekwisha kupachora, kwani ni vianzio vya mita 200. Mara ya tatu ni rahisi zaidi: katika kila njia, rudi mita 20 ndani ya kona kutoka mwanzo wa mnyoofu wa mbele. Mara ya kwanza ndiyo yenye kazi. Rudi ndani ya kona ya kwanza, kutoka mwanzo wa mnyoofu wa nyuma, mita 20 kwa njia ya kwanza, kisha 16.17, 12.33, 8.50, 4.67 na 0.84. Eneo la kupokezana lina mita 30, yaani 20 kabla ya alama na 10 baada yake. Walimu waliosoma zamani wanakumbuka mita 20 na nyingine 10 za kuchukulia kasi. Siku hizi zimeunganishwa kuwa eneo moja.

Swali: Hapa kwetu huwa tunatumia oili chafu kwa sababu haifutiki na tunaipata bure gereji. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Huua nyasi, hubaki udongoni, na watoto wanaoanguka au kukimbia pekupeku huipaka mwilini. Majivu ya jikoni yanafaa kwa siku moja ya mazoezi. Hata chokaa ina masharti: tumia iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji, kwa maana isiyozimwa huunguza ngozi na macho ikikutana na maji au jasho. Anayeimwaga asimame upande upepo unakotoka, na asiwe mwanafunzi.

Swali: Wa mita 1500 waanzie wapi? Mwanariadha wetu Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, nasi vijana wetu wanagombania njia ya ndani hadi wanaangushana.

Jibu: Mizunguko mitatu ni mita 1,200, zinabaki 300, kwa hiyo kianzio kiko mita 20 kabla ya kona ya kwanza kwisha. Mstari wake haunyooki; hupinda, ili anayesimama nje asikimbie zaidi ya anayesimama ndani kabla hawajaingia njia ya kwanza. Kuhusu Bayi, siku ile ya tarehe 2 Februari 1974 alikimbia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, na kukaa mbele kulimwepusha na msongamano. Kwa darasa lako, anzisha wakimbiaji wasiozidi 12 kwa pamoja.

Swali: Mwalimu, nina wanafunzi 74 katika mkondo mmoja na vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 40. Kazi hii inawezekanaje bila wengine kukaa chini ya mwembe?

Jibu: Haimaliziki kwa siku moja. Mimi huigawa kwa wiki tatu: vitovu na mstatili, kisha kona na njia, kisha vianzio. Siku ya kona, kundi moja huchora kona ya kwanza na jingine ya pili, na kundi la tatu hukagua mzunguko kwa gurudumu la baiskeli lililotiwa alama, baada ya kupima kwanza mzunguko wake mmoja chini. Waliobaki hufanya mazoezi ya viungo na kiongozi wao, na makundi hubadilishana kila dakika 15. Mwisho wa kazi ng'oa nondo zote mbili, kwa maana ziko ndani ya uwanja wa mpira na goti la mchezaji litaziona kabla ya macho yake. Mahali pa kila nondo fukia jiwe lenye alama ya msalaba, sentimita 10 chini ya nyasi, na uandike katika daftari la michezo umbali wake kutoka kwenye kona mbili za jengo lililo karibu. Mwaka ujao, hata ukihamishwa, atakayekuja ataanzia hatua ya 3.