Chakula Kinapoingia kwa Pumzi: Jinsi ya Kuzielewa na Kuzilinda Seli za Njia ya Hewa

Mtu anapoambiwa ana mzio wa chakula, jambo la kwanza analofanya ni kuchunga kinachoingia mdomoni. Hatua hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Unga unaochekechwa, mvuke wa chungu kilichochemshiwa kaa au kamba na vumbi la soya linalomwagwa kutoka gunia hadi gunia vyote hubeba protini za chakula hadi puani na kifuani, na seli zinazotanda njia ya hewa huzipokea protini hizo kwa namna yake. Mwongozo huu unamhusu mpishi, mwoka mikate, mfanyakazi wa kiwanda cha samaki na mzazi wa mtoto mwenye mzio, yaani kila anayehitaji kujua hatari inaanzia wapi na akatize wapi.

Anza kwa kutenganisha harufu na protini. Harufu ni molekuli ndogo zinazoruka hewani zenyewe. Zinaweza kukera, kuchefua, hata kumtia hofu aliyewahi kuzidiwa na chakula hicho, lakini hazibebi kile ambacho kingamwili za mzio hukitambua, yaani protini. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambamo watoto 30 wenye mzio mkali wa karanga walivuta kwa dakika 10 hewa iliyo juu ya siagi ya karanga, na hakuna hata mmoja aliyepatwa na mzio. Siagi iliyotulia kwenye chombo hairushi protini. Karanga zilizosagwa zikawa unga huirusha. Kwa hiyo, unapoingia jikoni au karakana, tafuta kwanza kitu kinachotimua vumbi, kinachochemka au kinachorusha matone. Harufu peke yake isikutoe mbio, na kukosekana kwa harufu kusikupe amani.

Jaribu kutazama kwa makini jambo moja. Funua sufuria ya kamba wanaochemka mbele ya mwanga wa dirisha, uone yale matone madogo yanayopanda pamoja na mvuke: kila tone limebeba kiasi kidogo cha maji ya sufuria, na maji hayo yana tropomiosini, protini ya misuli ya kamba na kaa isiyoharibika kwa moto wa kawaida. Samaki nao wana pavalbumini, ambayo pia hustahimili joto. Ndiyo maana kuna watu wanaobanwa na kifua wakisimama karibu na jiko kabla hawajaonja chochote. Ukubwa wa chembe nao huamua mahali itakapotua. Chembe kubwa kuliko mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hunaswa zaidi puani na kooni, zikaleta chafya, kamasi na macho kuwasha. Zilizo chini ya mikromita 5 huweza kushuka hadi kwenye mirija midogo ya mapafu, na huko ndiko pumu huchochewa.

Sasa tuzifuate chembe hizo hadi kwenye seli, kwa kuwa kila ushauri utakaofuata unatokana na yanayotendeka hapo. Njia ya hewa imetandikwa safu ya seli zilizobanana, zikiunganishwa na mishikamano inayozuia vitu kupenya katikati yake. Kati ya seli hizo, nyingine zina vinyweleo takriban 200 kila moja, vinavyopiga mara 10 hadi 15 kwa sekunde na kusukuma ute kuelekea kooni. Nyingine hutengeneza ute wenyewe. Safu hii ikiwa nzima, sehemu kubwa ya vumbi la chakula hunaswa na kuondolewa bila mtu kujua. Moshi wa sigara, virusi vya mafua na dawa kali za kusafishia huilegeza mishikamano hiyo, na protini iliyokuwa ikipita juu hupata upenyo wa kuzama chini.

Seli zilizojeruhiwa hupiga kengele. Humwaga vijumbe vya kemikali vinavyoitwa TSLP, interlukini 33 na interlukini 25, ambavyo huziamsha seli za kinga zilizo jirani. Baadhi yake, ziitwazo seli za matawi, huichukua protini ngeni na kuipeleka kwenye tezi za limfu, ambako seli nyingine za kinga, seli T, hufundishwa kuiona kama adui, na hatimaye mwili hutengeneza kingamwili aina ya IgE mahususi kwa protini hiyo. Kingamwili hizo hujipachika juu ya seli za masti, yaani seli za kinga zenye vifuko vya kemikali, zilizo chini ya utando wa njia ya hewa. Hatua hii yote haina dalili. Mwoka mikate anaweza kuvuta unga kwa miezi au miaka akiwa mzima wa afya, huku seli zake zikijifunza kimyakimya, na ndiyo sababu siwezi kukubaliana na kauli ya kwamba kazi aliyoizoea mtu haiwezi kumdhuru.

Siku protini ileile inaporudi, hugusa IgE zilizo juu ya seli za masti, nazo hupasua vifuko vyake vya histamini na kutengeneza lukotrini, kemikali zinazoleta dalili za mzio. Misuli inayozunguka mirija hukaza, utando huvimba, ute huongezeka. Hiyo ni awamu ya kwanza: huanza ndani ya dakika chache na mara nyingi hutulia baada ya saa moja au mbili. Ipo na awamu ya pili, ambayo wengi huikosa. Saa 4 hadi 8 baadaye, eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, zilizoitwa na interlukini 5 huwa zimefika na kuendelea kuwasha uvimbe, huku interlukini 13 ikizidisha seli zinazotoa ute. Mtu aliyefanya kazi asubuhi hukohoa usiku, akalaumu baridi au mto wake.

Kwa sababu hiyo, weka daftari. Andika ulichopika au kukigusa, saa uliyoanza, na dalili zote hadi usiku wa siku hiyo. Ikiwa una kipima pumzi, kifaa kinachopima nguvu ya pumzi unayoitoa, puliza mara tatu na uandike kipimo kikubwa kuliko vyote, angalau mara nne kwa siku, kwa wiki kadhaa zinazojumuisha siku za kazi na za mapumziko. Ukiona tofauti kati ya kipimo cha juu na cha chini inazidi asilimia 20 siku za kazi, kisha unapata nafuu ukiwa mapumzikoni, mpelekee daktari daftari hilo lilivyo. Linamsaidia kuliko maelezo ya kukumbukia. Yeye ataamua kama ukapimwe kwa kuchomwa ngozi au kwa damu, na atakueleza kwamba kuwa na IgE bila dalili hakukufanyi kuwa mgonjwa wa mzio. Usijijaribu mwenyewe kwa kuvuta unga au mvuke wa chakula unachokishuku.

Kinga iliyo bora ni ile inayozuia protini isifike hewani kabisa. Mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa ya 18, tabibu wa Italia Bernardino Ramazzini alikwisha kuandika jinsi vumbi la unga linavyowatesa vifua waokaji na wasagaji. Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka Barcelona. Kati ya mwaka 1981 na 1987 mji huo ulipata milipuko 26 ya pumu, watu wakifurika hospitalini kwa siku moja, hadi ilipogundulika kwamba siku hizo ndizo zilizokuwa za kushusha soya bandarini. Vumbi la maganda ya soya lilikuwa likitoka kwenye ghala na kupeperuka hadi kwenye makazi ya watu. Ghala lilipowekewa vichujio, milipuko ilikoma. Wagonjwa hawakubadilishwa miili. Vumbi ndilo lililozuiwa lilikotoka.

Fanya vivyo hivyo kwa kipimo chako. Mimina unga taratibu, ukiwa umeushusha mfuko hadi karibu na bakuli, badala ya kuumwaga kutoka juu. Tia maji mapema, kisha washa mashine ya kukandia kwa mwendo wa polepole hadi unga ulowe. Paka mafuta juu ya meza pale yanapoweza kuchukua nafasi ya kunyunyiza unga mkavu. Funika sufuria za samaki, kamba na kaa, zipike chini ya feni inayotoa hewa nje ya jengo, na ufunue ukiwa umegeuza uso. Usifagie vumbi la chakula kwa ufagio mkavu, wala usilipulize kwa hewa ya mashine. Lifute kwa kitambaa kibichi, au tumia mashine ya kunyonya vumbi yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa hata chembe ndogo sana. Badilisha nguo za kazi kabla ya kwenda nyumbani, hasa ikiwa nyumbani kuna mtoto mwenye mzio.

Barakoa ni msaada wa mwisho. Ile ya kitambaa au ya upasuaji huacha mianya mashavuni. Inayofaa ni ya daraja la FFP2 au N95, iliyobana uso vizuri.

Kwa mwenye pumu, dawa ya kuvuta ya kupunguza uvimbe itumike kila siku kama ilivyoandikwa na daktari, kwa kuwa pumu isiyodhibitiwa humweka mtu katika hatari kubwa zaidi anapopatwa na mzio mkali. Ile ya kufungua mirija hulegeza misuli tu, haizimi mzio wenyewe.

Mtu akianza kuhema kwa shida, sauti ikakauka, midomo au ulimi ukavimba, au akalegea ghafla baada ya kuvuta au kula kichochezi chake, mchome adrenalini mara moja kwenye msuli wa paja upande wa nje, kisha uite msaada wa dharura. Dawa za kuzuia histamini zisichukue nafasi ya sindano hiyo. Mlaze na kuinua miguu yake, au umwache akae ikiwa kulala kunamzidishia kukosa pumzi, na usimruhusu kusimama wala kutembea. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, mpe sindano ya pili kama ipo. Hata akitulia kabisa, lazima afike hospitali akaangaliwe kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili zinaweza kurudi bila yeye kukutana tena na chakula hicho.