Unaishi Dar, shamba liko Ruvuma: namna ya kupata mbolea ya ruzuku

Nianze na linalowachanganya wengi: ruzuku ya mbolea haiingii kwenye simu yako kama pesa. Serikali hubeba sehemu ya gharama na kuilipa kampuni ya mbolea, wewe unakuta bei imeshashuka kwa wakala. Msimu wa 2022/2023, ruzuku hii ilipoanza baada ya bei ya dunia kupaa, mfuko wa kilo 50 wa DAP (ya kupandia) au Urea (ya kukuzia) tuliuziwa 70,000. Kabla ya hapo ulishavuka laki.

Mimi nauza vitenge Tandika na nalima mahindi Madaba. Wanatuita wakulima wa simu, eti tunalima kwa kupiga simu tu, sawa. Ila usajili usiufanye kwa simu. Unasajiliwa kijiji lilipo shamba, kwa hiyo mjumbe wako wa Temeke hapa hana msaada. Panda basi mapema, Agosti au Septemba, kabla ofisi ya kijiji haijafurika. Kule kwetu Novemba ikikatika watu wanapanda.

Muone mtendaji wa kijiji au afisa ugani. Beba kitambulisho, sema zao na ukubwa wa shamba. Hapo kwenye ekari ndipo watu wanapojiharibia. Wapo wanaotaja ekari moja kwa kuogopa kodi, halafu wanashangaa mfumo unawakatalia mfuko wa tatu! Mbolea unayoruhusiwa kununua inafuata ekari ulizoandikisha. Una tatu, sema tatu. Ukiwa umekodi, nenda na mwenyekiti wa kitongoji anayekufahamu, maana mwenye shamba naye akijiandikishia hilohilo mtagombana.

Namba ya simu utakayotoa iwe laini unayoitumia kila siku, kwa sababu namba yako ya mkulima inakuja kwa ujumbe mfupi. Itunze kama namba ya siri ya benki. Jirani akikuomba "nichukulie mifuko miwili tu kwa namba yako", mwambie pole. Akichukua, inahesabika umechukua wewe. Na kama ulisajiliwa msimu uliopita, hakikisha taarifa zako zimehuishwa, hasa ukiwa umeongeza shamba au umebadili laini.

Kununua sasa. Nenda kwa wakala aliyesajiliwa, au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kama ya kijijini kwenu inauza. Itakupunguzia nauli ya bodaboda. Wakala anaingiza namba yako, kisha anaelekeza simu kwenye alama ya mraba (QR) iliyo kwenye mfuko wa mbolea. Simama hapohapo uone. Kila mfuko unachanganuliwa peke yake. Akichanganua mitano na wewe unabeba mitatu, miwili imeondoka kwa jina lako. Angalia pia mshono wa juu: uzi uliofumuliwa na kushonwa upya unajulikana, matundu ya sindano yanakuwa mengi kuliko uzi. Ukiona hivyo, omba mfuko mwingine, au omba upimwe.

Bei elekezi hutofautiana wilaya na wilaya, kwa hiyo usibishane na wakala kwa bei uliyosikia kwa rafiki wa Kilosa. Muulize afisa ugani bei ya wilaya yenu.

Chukua ya kupandia na ya kukuzia pamoja kama hela inaruhusu, sababu Januari Urea ikiadimika foleni yake si ya mtu mwenye duka Dar. Ipangwe juu ya mbao, isiguse sakafu. Mdogo wangu akishaipanga, ananitumia picha ya mifuko na ya risiti, ndipo namtumia hela ya vibarua.