Somo: Kuanzisha tangi dogo la samaki wa maji chumvi kwa bajeti ndogo

Wakuu, habari zenu. Kila mtu akiulizia tangi la maji chumvi huambiwa kwamba huo ni ufugaji wa matajiri. Si kweli, ila kuna sharti: ujue pa kubana na pasipobanika. Kioo, stendi, taa, chujio, hapo bana utakavyo. Chumvi, maji ya kuchanganyia na kifaa cha kupimia chumvi, hapo usibane hata kidogo. Wengi hufanya kinyume chake. Wananunua tangi zuri lenye taa za rangi, halafu wanakoroga chumvi kwenye maji ya bomba na kukisia kiasi. Samaki wanakufa, wananunua wengine, nao wanakufa. Fedha nyingi katika ufugaji huu hupotelea kwa hao samaki wa kufa na kununua tena.

Mfano wangu utakuwa tangi la lita 60, maana ukubwa huo unampa anayeanza nafasi ya kusahau kidogo bila kuua viumbe.

Hatua ya 1: Tangi na mahali pake

Tangi lililokwishatumika halina ubaya wowote. Muulize anayeliuza kitu kimoja: liliwahi kutiwa dawa yenye shaba? Kama ndiyo, mawe na mchanga wake vyote vitupwe, kwa sababu shaba hujificha humo na kutoka kidogo kidogo, na konokono na kamba hawaistahimili hata ikiwa chembe. Lioshe kwa siki na maji, sabuni isiguse. Lijaze maji, liweke juu ya magazeti makavu kwa siku mbili. Magazeti yakilowa kwenye kona, silikoni (gundi inayoshika vioo) imechoka.

Tangi likijaa maji peke yake ni kilo 60. Ongeza kioo, mawe na mchanga, unakaribia kilo 80. Kwa hiyo meza nyepesi haifai, na sehemu yenyewe ipimwe kwa pimamaji kabla ya kujaza. Liwe mbali na dirisha lenye jua.

Hatua ya 2: Maji na chumvi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapa.

Maji ya bomba yanaweza kuwa na klorini au kloramini, fosfeti, siliketi, na pengine shaba kutoka kwenye mabomba. Dawa ya kuondoa klorini haiondoi fosfeti wala siliketi. Tumia maji yaliyopitia mashine ya RO (inayosukuma maji kupitia utando mwembamba sana), yale ambayo kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, kinasoma sifuri au karibu na sifuri. Si lazima uwe na mashine yako, unaweza kununua maji yenyewe kwa ndoo ilimradi umeyapima.

Chumvi iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya baharini. Unahitaji kati ya gramu 36 na 40 kwa lita, kutegemea aina. Mawe na mchanga vikishachukua nafasi yao, tangi la lita 60 linabaki na maji kama lita 50, yaani karibu kilo mbili za chumvi kwa kuanzia.

Tanguliza maji kwenye ndoo, kisha mimina chumvi polepole huku pampu ndogo ikizungusha. Ukitanguliza chumvi halafu ukamwagia maji juu yake, kalisi na kabonati zinashikana na kuganda kuwa unga mweupe chini ya ndoo, na unga huo hauyeyuki tena. Acha pampu izunguke hadi kesho yake. Maji yaliyo tayari yanang'aa, unaona chini ya ndoo bila ukungu.

Sasa kupima. Kuna haidromita ya plastiki yenye mshale ndani, ni rahisi kupatikana lakini ina hila: vipovu vidogo vya hewa hunata kwenye mshale na kuuinua, ikasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Ukiwa nayo, igonge-gonge kwa kidole hadi vipovu vyote vitoke. Mimi nakushauri ubane kwingine ununue refraktomita. Unadondosha matone mawili juu ya kioo chake, unafunika, unasubiri nusu dakika, unaielekeza kwenye mwanga na kusoma pale rangi ya bluu inapokutana na nyeupe. Irekebishe kwa maji maalumu yenye chumvi gramu 35 kwa kilo, maana ukiirekebisha kwa maji matupu inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kukosea huku juu unakohitaji. Lengo ni gramu 35 kwa kilo ya maji, sawa na uzito linganifu wa 1.026 (mara ngapi ni mazito kuliko maji matupu) kwenye nyuzi 25.

Hatua ya 3: Mawe ndiyo chujio

Hii ndiyo siri ya bajeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mfugaji wa Jakarta aitwaye Lee Chin Eng alionyesha kwamba mawe hai kutoka baharini na mapovu ya hewa vinatosha kuendesha tangi la maji chumvi, bila mitambo. Mawe yenye vitundu vingi yana nafasi kubwa ya bakteria kukaa, na bakteria hao ndio wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki.

Kwa lita 60, kilo 6 hadi 7 za mawe zinatosha. Nunua mawe makavu, ni nafuu zaidi na hayaji na wadudu usiowajua. Ukipata kipande kimoja cha jiwe hai kutoka kwenye tangi la mtu lenye afya, kiweke katikati, kitaambukiza mengine bakteria wazuri. Yapange yaguse sakafu ya tangi kwanza, kisha mchanga wa aragoniti (mchanga wa kalisi) wa sentimita 2 au 3 umwagwe kuyazunguka. Ukiyakalisha juu ya mchanga, samaki wanaochimba watayaangusha. Acha mapango, na acha nafasi mkono upite kati ya mawe na kioo, utashukuru siku ya kusafisha.

Hatua ya 4: Pampu, hita, taa

Pampu izungushe kati ya mara 10 na 20 ya ujazo wa tangi kwa saa, kwa hiyo lita 600 hadi 1,200. Ielekeze juu kidogo ili uso wa maji utikisike: maji chumvi hubeba oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yenye joto lilelile. Hita ya wati 50 hadi 75 inatosha, joto libaki nyuzi 24 hadi 26, na kipimajoto kiwe cha pekee kwa sababu themostati za hita hudanganya. Kwa samaki tu, taa yoyote ya LED inafaa. Mashine ya kuondoa povu la uchafu si lazima kwa ukubwa huu.

Waya zote zining'inie chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda, ili tone likitembea kwenye waya lidondoke sakafuni.

Hatua ya 5: Kusubiri

Weka kipande kidogo cha nyama ya kamba mbichi ndani ya tangi. Kikioza kinatoa amonia, ile sumu niliyoitaja kwenye mawe. Kundi la kwanza la bakteria linaigeuza kuwa nitriti, kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Pima kila baada ya siku mbili au tatu. Utaona amonia ikipanda kisha ikishuka, nitriti inafuata, mwisho nitreti inaanza kuonekana. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita. Chupa za bakteria zinaweza kufupisha muda, lakini anayeamua ni kipimo, si maandishi ya kwenye chupa.

Wanaotoka maji baridi wasidharau hatua hii. Maji chumvi yana pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 8.0 na 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo lile la sumu. Kiasi ambacho samaki wa maji baridi angekivumilia, huku kinaunguza matamvua.

Hatua ya 6: Kuingiza viumbe

Badilisha robo ya maji, kisha anza na konokono wachache. Wiki mbili baadaye leta samaki wa kwanza. Chaguo langu ni klaunifishi, Amphiprion ocellaris, waliozaliwa kwenye matangi. Wamezoea chakula cha kufugia na hawakutolewa baharini. Wawili hao na kagobi kamoja kadogo (samaki mdogo wa kukaa chini), tangi limejaa. Naam, watatu tu.

Acha mfuko wa samaki uelee juu ya maji dakika 15 ili joto lilingane. Mhamishie samaki kwenye ndoo ndogo pamoja na maji yake, chukua mrija mwembamba wa hewa, ufunge fundo, uyanyonye maji ya tangi yadondoke matone mawili kwa sekunde hadi yaliyomo kwenye ndoo yawe mara mbili. Kisha mtoe kwa kikombe au wavu, maji ya mfukoni yasiingie kwenye tangi. Kama samaki amesafiri saa nyingi, usirefushe zoezi: mfuko ukifunguliwa hewa ya kaboni inatoka, pH inapanda, na amonia iliyokusanyika humo inageuka sumu.

Hatua ya 7: Matunzo

Kinachopotea kwa mvuke ni maji peke yake, chumvi inabaki. Lita 50 zikishuka hadi 48, chumvi imepanda kutoka 35 hadi karibu 36.5. Bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji, na kila siku jazia maji ya RO yasiyo na chumvi hadi hapo. Mara moja kwa wiki toa lita 6 na urudishe lita 6 za maji chumvi mapya yenye joto lilelile. Hiyo ni chumvi karibu kilo moja kwa mwezi, ijumlishe kwenye bajeti tangu mwanzo. Futa pia magamba meupe ya chumvi yanayoota ukingoni na kwenye waya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, chumvi ya mezani si ileile tu? Naona zote zinatoka baharini.

Jibu: Hapana mkuu. Sodiamu na kloridi, ambazo ndizo chumvi ya mezani, ni karibu asilimia 85 ya chumvi iliyomo baharini. Hiyo iliyobaki ndiyo magnesiamu, salfeti, kalisi, potasiamu na bikabonati, na bila hizo konokono hawezi kujenga kombe wala pH haitulii.

Swali: Nakaa karibu na bahari. Siwezi kuchota maji na mawe huko huko?

Jibu: Maji yanawezekana, ukichota mbali na bandari, mito na mifereji, si baada ya mvua, na ukapima chumvi kabla ya kutumia. Mawe na matumbawe ni habari nyingine. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini), na sehemu nyingi kuyang'oa ni kosa kisheria. Nami nakuomba usiyang'oe hata pale ambapo hakuna wa kukuona. Mawe makavu yanafanya kazi ileile.

Swali: Kaka, wiki ya tatu mchanga wote umefunikwa na utando wa kahawia. Nimwage kila kitu nianze upya?

Jibu: Usimwage. Hizo ni daiatomu, mwani mdogo sana, zinakula siliketi, na karibu kila tangi jipya hupitia hapo. Punguza saa za taa, hakikisha maji yako yanasoma sifuri, na konokono watasaidia. Zikiisha siliketi, zinapotea zenyewe.

Swali: Binti yangu anataka yule wa bluu mwenye mkia wa njano. Lita 60 zitamtosha akiwa mdogo?

Jibu: Hapana dada. Paracanthurus hepatus anafika sentimita 30 na ni muogeleaji wa masafa. Mwonyeshe binti klaunifishi wawili wadogo. Wote huzaliwa madume, na atakayekuwa mkubwa atageuka jike. Mtoto anaweza kufuatilia hilo kwa macho yake.

Swali: Anemoni je, yule mnyama wa baharini anayefanana na ua? Klaunifishi si lazima awe nayo?

Jibu: Si lazima, anaishi vizuri bila hiyo. Anemoni inataka taa kali na tangi lililokomaa miezi mingi. Ikifa usiku inaweza kuwaua na samaki.

Swali: Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita nifanyeje?

Jibu: Kinachoua kwanza ni kukosa oksijeni. Nunua pampu ya hewa ya betri, iweke karibu. Usiwalishe muda huo. Kama pana baridi, fungia tangi blanketi pande zote ukiacha juu wazi. Huna pampu? Chota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, mara kwa mara.

Swali: Samaki wangu ana vidoto vyeupe kama chembe za chumvi. Nimwagie dawa ya shaba?

Jibu: Si ndani ya tangi kuu, utaua konokono wote. Huenda ni Cryptocaryon, kijidudu cha madoa meupe. Hamishia samaki wote kwenye ndoo au tangi tupu lenye hita na pampu ya hewa, uwatibu humo kwa kufuata kipimo cha dawa. Tangi kuu likae bila samaki wiki sita au zaidi, kijidudu kikose wa kumng'ang'ania.

Swali: Nimepewa mawe ya zamani yenye vitu kama maua yaliyokauka. Nikiyachemsha yatakuwa safi?

Jibu: Usichemshe kabisa! Baadhi ya viumbe hao, zoanthidi, wana sumu iitwayo palitoksini, na mvuke wake umeshawalaza watu hospitalini, familia nzima kwa pamoja. Vaa glavu na miwani, usiyakwangue. Kama mengi yamefunikwa, yakatae.