Sikukuu imefika na watu wako wako mbali, fanya hivi

Kwanza kabisa acha kutaka sikukuu nzima iingie kwenye simu, haiingii. Watu kumi na tano wanaongea kwa pamoja, mmoja anauliza "mnanisikia?", mwingine kamera yake inaonyesha dari, dakika kumi tu kila mtu kachoka na hamna cha maana kilichoongelewa. Chagueni jambo moja tu, lile ambalo likikosekana kwenu mnaona kama siku haijafika, iwe dua kabla ya kula, wimbo, au yule mzee anayerudia kisa kilekile kila mwaka, hilo ndo mlifanye pamoja laivu. Mengine kila mtu afanye kwake.

Muda sasa, hapa ndo watu wanakosanaga bure. Ukiandika kwenye grupu "tuonane saa mbili" wa nyumbani anaelewa saa mbili usiku, aliyezoea saa za Kizungu anajua ni saa nane mchana, na huko aliko hata siku yenyewe labda imeshabadilika. Mfano Desemba, London ikiwa 17:00, Toronto ni 12:00 na Tokyo ni 02:00 ya kesho yake. Kwa hiyo andika kwa masaa 24 na utaje mji. Na sikukuu ikiangukia Machi au karibu na Oktoba-Novemba piga hesabu upya, maana Ulaya wanabadili saa (wanasogeza mishale saa moja mbele au nyuma) Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, hapo katikati kuna wiki ambazo hesabu mliyoizoea inawadanganya.

Programu yoyote inafaa, ila Zoom ya bure inakata dakika 40, sasa ikate mzee yuko katikati ya dua! WhatsApp inabeba mpaka watu 32, kwa familia nyingi inatosha.

Halafu nyumbani awepo mtu mmoja wa kushika simu, kijana asiye na haya ndo anafaa. Asiiegemeze mezani akaondoka. Aanzie jikoni, huko ndo kwenye umbea wenyewe, kisha apite kwa mtu mmoja mmoja, dakika mbili tatu kila mtu, watoto waachwe wapige kelele zao. Bibi ambaye simu yake ni ya vitufe au masikio yamechoka apigiwe peke yake asubuhi, kabla nyumba haijajaa.

Kama wewe ndo uliye mbali, omba ruhusa kazini mapema, huko hamna anayejua kwamba leo ni sikukuu yako. Pika japo kitu kimoja cha kwenu, na umpigie mama siku chache kabla akuonyeshe anavyofanya, sio akutajie tu, maana yeye vipimo vyake ni macho na mkono. Rekodi ikibidi. Vaa vizuri hata kama hutoki. Alika mtu, hata asiyesherehekea sikukuu hiyo, ukimweleza hiki ni nini na kile ni nini na wewe mwenyewe unachangamka. Ila kinachoumiza zaidi ni ile mkishakata simu, nyumba inanyamaza ghafla, so usipange simu iwe ya mwisho usiku, iweke mapema ubaki na pa kwenda au mtu wa kula naye.

Hela ya sikukuu itume siku kadhaa kabla. Ikifika siku yenyewe vitu vishakopwa dukani. Na kifurushi ndo kabisa, kinaweza kukaa forodhani wiki na wiki, tuma mapema uwaambie wasifungue.

Na kuna ambaye mwaka huu hataki kuonekana, labda kafiwa, labda mambo yamemkalia vibaya tu. Mwacheni azime kamera asikilize, wala msimuulize mbele za watu kwa nini.